Tovuti nyingi, akaunti moja ya matangazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza maswali haya wana blogu moja. Wameona vijisenti vya kwanza vikiingia, na sasa wanapiga hesabu: moja ikileta hiki, tano si zitaleta mara tano? Nami niliipiga hesabu hiyo. Niliwahi kuendesha tovuti saba kwa mpigo; leo ninazo tatu, na tatu hizi zinaingiza kuliko zile saba. Majibu mengi hapa yanahusu Google AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo, kwa kuwa ndiko wengi wetu huanzia.

Niwe na tovuti ngapi?

Moja, mpaka iweze kusimama yenyewe. Kusimama yenyewe maana yake ukiiacha mwezi mzima bila makala mpya, wasomaji bado wanaifikia kupitia injini za utafutaji na mapato hayaporomoki. Kabla ya hapo, tovuti ya pili inaiba tu saa za ile ya kwanza.

Hesabu ya "mara tano" inakosea kwa sababu matangazo hayalipi kwa idadi ya tovuti. Yanalipa kwa kurasa zinazosomwa, na kwa kutegemea nani anazisoma na zinahusu nini. Makala 50 za mada moja zikikaa nyumba moja hubebana: msomaji akimaliza hii anakutana na ile, na injini ya utafutaji inaelewa kwamba mada hiyo una kina nayo. Zigawe kwenye tovuti tano, kila kumi zitabaki yatima.

Basi ni lini inafaa kufungua ya pili?

Mada zinapokuwa na wasomaji wasiokutana. Anayesoma kuhusu kutengeneza pikipiki hana haja na makala za kulea watoto wachanga, na kuvichanganya huwachanganya wote wawili. Lugha tofauti nayo ni sababu nzuri, ingawa mara nyingi inatosha kutenga sehemu ya lugha hiyo ndani ya tovuti ileile. Sababu ya tatu ni tahadhari. Mabadiliko ya kanuni za utafutaji yanaweza kuiangusha tovuti yenye miaka kadhaa ndani ya wiki chache, kama wengi walivyoona baada ya mabadiliko ya Google ya Septemba 2023. Mwenye mguu mwingine wa kusimamia huumia kidogo.

Kuchoshwa na tovuti ya kwanza si sababu. Nalisema kwa kuwa ndiyo iliyonifikisha kwenye saba.

Nifungue akaunti ya AdSense kwa kila tovuti?

Hapana. Mlipwaji mmoja anaruhusiwa akaunti moja tu, na tovuti zako zote zinaongezwa humo, kwenye sehemu ya tovuti. Ukifungua ya pili kwa jina lako, mfumo utagundua kwamba ni ya mtu yuleyule, na unaweza kukosa zote. Wapo wanaotumia jina la ndugu ili kukwepa. Ndugu huyo ndiye anayelipwa kisheria, na siku mkigombana utajua pesa ni za nani.

Akaunti moja ina faida pia. Salio la tovuti zote linajumlishwa, hivyo vitovuti vinne ambavyo kila kimoja kingechukua mwaka kufikia kiwango cha kulipwa huenda vikakifikia pamoja kwa miezi mitatu.

Nikishakubaliwa na tovuti ya kwanza, zinazofuata zinaingia moja kwa moja?

Haziingii. Kila domeni (jina la anwani ya tovuti) mpya hukaguliwa peke yake kabla matangazo hayajaanza kuonekana. Domeni ndogo zilizo chini ya domeni yako iliyokubaliwa hazihitaji maombi mapya.

Kuna faili moja ambalo watu husahau kila wakiongeza tovuti: ads.txt. Ni utaratibu ulioletwa na IAB Tech Lab, shirika linaloweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, mwaka 2017 ili kuzuia watu kuuza nafasi za matangazo kwa jina la tovuti zisizo zao. Ni faili dogo la maandishi linalokaa kwenye mzizi wa domeni, likiorodhesha waliopewa ruhusa ya kuuza nafasi zako. Mstari wa AdSense una namba yako ya mchapishaji inayoanza na "pub-". Namba hiyo ni ileile kwa tovuti zako zote, kwa hiyo faili linanakiliwa tu. Ila hakikisha linafunguka kwenye kivinjari ukiandika jina la domeni, mkwaju, kisha ads.txt. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikidhani tovuti mpya haina wasomaji, kumbe faili nililiweka kwenye folda ya picha.

Tovuti moja ikivunja kanuni, nyingine zitaathirika?

Samaki mmoja akioza wote wameoza, na hapa methali inabana hasa. Kosa likiwa la ukurasa au la tovuti moja, mara nyingi matangazo huzuiwa hapo tu mpaka urekebishe. Likihusu mibofyo isiyo halali, ni akaunti yenyewe inayofungwa, na tovuti zote huzimika siku hiyo. Mapato ambayo hayajalipwa yanaweza kurudishwa kwa watangazaji.

Ndiyo maana sishauri kuwa na "tovuti ya majaribio" ndani ya akaunti inayokulisha: ile ya video zilizonakiliwa, ya programu zilizovunjwa ulinzi, ya udaku wa kuokoteza. Ikileta dola mbili kwa mwezi huku ikihatarisha mia mbili, hiyo si biashara. Ukitaka kujaribu, jaribu bila kuweka msimbo wa matangazo.

Hatari nyingine ni watu wanaokupenda. Mwambie rafiki kwamba unapata pesa kwa matangazo, na jioni hiyohiyo atakaa abofye mara 40 kwa nia njema. Mimi sasa sitaji tovuti zangu kwenye kundi la familia. Likishatokea, usinyamaze: AdSense wana fomu ya kuripoti mibofyo yenye mashaka, nawe ijaze mapema, ukieleza siku na tovuti iliyohusika.

Naweza kununua wageni ili kuanza haraka?

Wale wanaouzwa kwa maelfu kwa bei ya chai ni roboti. Soma tena jibu lililotangulia.

Nalipwa kwa mibofyo au kwa kuonyeshwa?

Kwa miaka mingi ilikuwa mibofyo hasa. Novemba 2023 Google walitangaza mabadiliko yaliyoanza kazi mapema 2024: AdSense hulipa kwa tangazo kuonyeshwa. Mchapishaji hubaki na asilimia 80 baada ya jukwaa la mtangazaji kuchukua ada yake, na Google wenyewe walieleza kwamba pale mtangazaji anapotumia Google Ads, jukwaa la Google la kununulia matangazo, fungu la mchapishaji hubaki karibu na lilelile la zamani la asilimia 68. Kwa mwenye blogu, maana yake ni kwamba msomaji anayekaa, anayesogeza ukurasa na kusoma, ana thamani hata asipobofya kitu.

Blogu yangu ya kwanza ina wasomaji wengi kuliko ya pili, mbona ya pili ndiyo inayoingiza zaidi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana anayeliuliza ameanza kusoma ripoti zake.

Kipimo cha kuangalia ni RPM: mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizotazamwa. Chukua mapato, gawa kwa kurasa zilizotazamwa, zidisha kwa 1,000. Tuseme blogu ya vichekesho ina kurasa 40,000 kwa mwezi na imeingiza dola 20. RPM yake ni senti 50. Blogu ya mambo ya uhasibu ina kurasa 6,000 na imeingiza dola 24, RPM dola 4. Takwimu hizi ni za mfano, lakini pengo la namna hii ni la kawaida kabisa.

Nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada unaofanyika kila ukurasa unapofunguka. Pale ambapo mteja mmoja anaweza kumletea mtangazaji faida kubwa, kama bima, mikopo, programu za biashara au masomo, wanaogombea nafasi ni wengi na bei inapanda. Anayesoma kichekesho hajaonyesha kwamba anataka kununua chochote. Nchi aliko msomaji huhesabika, sawa na kifaa anachotumia na kama amekubali matangazo yanayomfuata. Hata mwezi unahusika: robo ya mwisho ya mwaka watangazaji hutumia bajeti zao, na Januari bei hushuka. Nimeona watu wakibomoa muundo wa tovuti zao kila Januari wakidhani wamekosea kitu. Ingoje Februari kwanza.

Nitajuaje tovuti ipi inastahili muda wangu?

Ripoti za AdSense zinaweza kugawanywa kwa tovuti, hivyo mapato utayaona. Kisichoonekana humo ni saa zako. Tengeneza lahajedwali lenye safu nne tu kwa kila tovuti: mapato ya mwezi, gharama za mwezi, saa ulizofanya kazi, na mapato kwa saa baada ya kutoa gharama. Gharama za mwaka, kama domeni, zigawe kwa 12.

Saa ziandike siku hiyohiyo. Ukisubiri mwisho wa mwezi utajidanganya, tena kwa kuipendelea ile unayoipenda. Nilipofanya zoezi hili kwa zile saba, tovuti niliyoionea fahari kuliko zote, yenye muundo mzuri na picha nilizopiga mwenyewe, ilikuwa inanilipa chini ya senti 30 kwa saa. Ile niliyoiona ya aibu, ya maelezo makavu ya kurekebisha hitilafu za printa, ndiyo iliyokuwa ikilipia nyingine zote.

Zaidi ya hapo, ziunganishe tovuti zote na Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia utafutaji, ili ujue watu wanatafuta maneno gani hadi kukufikia. Ukithibitisha umiliki kupitia rekodi ya DNS, yaani kwenye mipangilio ya domeni, domeni nzima inaingia pamoja na domeni zake ndogo.

Makala moja naweza kuiweka kwenye tovuti zangu zote?

Unaweza, ila hutapata faida unayoitarajia. Injini ya utafutaji ikikuta nakala tano za maandishi yaleyale huchagua moja ya kuonyesha, nyingine huziweka kando, na huenda itakayochaguliwa siyo uliyotaka. Ikibidi makala ikae sehemu mbili, weka kwenye ile nakala kiungo cha canonical kinachoielekea asili, yaani alama ndani ya msimbo inayoiambia injini ya utafutaji ipi ni ya asili. Kubadilisha maneno machache na kuita makala mpya ni kazi ya bure. Msomaji naye hataikosa harufu hiyo.

Na nikitumia akili mnemba kuzijaza kwa haraka?

Google hawajakataza chombo chenyewe. Machi 2024 waliongeza kwenye sera zao dhidi ya taka kosa la kuzalisha kurasa kwa wingi ili kuteka nafasi za utafutaji bila kumfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine, na watu, au na wote kwa pamoja. Sera hizohizo ziligusa pia ununuzi wa domeni zilizokwisha muda kwa ajili ya kutumia jina lake la zamani kubeba makala zisizohusiana nalo. Njia hizi mbili ndizo walizozitegemea wengi wa wenye tovuti nyingi, na wengi wao sasa hawana hata moja.

Mimi huitumia kukagua tahajia na kupanga vichwa vya habari. Makala lazima iwe na kitu ambacho mashine haikijui: nilichojaribu, nilichopima, picha niliyopiga.

Ni vibaya kuunganisha tovuti zangu kwa viungo?

Kiungo kinachomsaidia msomaji hakina tatizo. Tovuti ya kilimo cha mboga ikimwelekeza mtu kwenye tovuti yako ya mapishi, ni jambo la kawaida. Tatizo ni mtandao wa tovuti uliojengwa ili zipandishane: viungo chini ya kila ukurasa, vyote vikielekezana, kwa maneno yaleyale. Hilo huhesabiwa kuwa udanganyifu wa viungo.

Nizihifadhi zote kwenye seva moja?

Kwa gharama, ndiyo. Kwa usalama, inategemea zimetenganishwaje. Kwenye akaunti ya pamoja ambapo tovuti zote zinakaa chini ya mtumiaji mmoja, plagini moja iliyochakaa kwenye blogu uliyoisahau ni mlango wa kuingilia zote. Tafuta mpangilio ambao kila tovuti ina mtumiaji wake na hifadhidata yake.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ina uwezo wa kuendesha mtandao wa tovuti ndani ya usakinishaji mmoja. Umo ndani ya programu tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Unasasisha mara moja na zote zinasasishwa, jambo linalookoa saa nyingi kama tovuti zinafanana. Lakini ikianguka zinaanguka zote, na siku ukitaka kuuza mojawapo, kuitoa humo ni kama kung'oa jino. Kwa matangazo napendelea zikae mbalimbali. Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni ya bure, inaruhusu hadi blogu 100 kwa akaunti, na haihitaji masasisho. Kwa anayeanza inatosha, mradi anunue domeni yake mwenyewe mapema.

Nakala rudufu zikae nje ya seva ileile, na angalau mara moja jaribu kuirudisha tovuti kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Domeni nyingi nitazifuatiliaje?

Zote kwa msajili mmoja (kampuni unayonunulia domeni), tarehe zote kwenye kalenda moja, na malipo ya kujirudia yakiwa yamewashwa. Kisha usiyaamini malipo hayo.

Mimi nilipoteza domeni ya miaka minne kwa njia ya kijinga: kadi ya benki iliisha muda, na onyo likatumwa kwa anwani ya barua pepe niliyoitengeneza kwenye domeni hiyohiyo. Ilipozimwa, barua nazo zikazimika. Kwa domeni za .com, baada ya kufutwa na msajili kuna siku 30 za kuikomboa, kwa bei ya kuumiza, na kisha siku tano za mwisho kabla haijaachiwa yeyote. Niliamka siku ya sita. Barua pepe ya msajili iwe ya mahali pengine kabisa, yenye uthibitishaji wa hatua mbili.

Angalia pia bei ya kuhuisha kabla ya kununua. Ofa ya mwaka wa kwanza mara nyingi haifanani na bei ya mwaka wa pili, na kwa tovuti sita tofauti hiyo inauma.

Niweke matangazo mangapi kwa ukurasa?

AdSense waliondoa kikomo cha matangazo matatu kwa ukurasa mwaka 2016, lakini hawaruhusu matangazo kuzidi maudhui. Viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni unaoweka viwango vya matangazo, ambavyo Chrome ilianza kuvitumia kuchuja matangazo Februari 2018, vinakataa ukurasa wa simu ambao zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa maudhui yake ni matangazo. Ukiwa na tovuti nyingi, chagua mpangilio mmoja na uupime kwenye tovuti moja kwa wiki nne kabla ya kuupeleka kwingine.

Tenga nafasi ya tangazo mapema kwenye muundo, ili maandishi yasiruke tangazo linapoingia. Kuruka huko kuna kipimo chake, CLS, kinachotakiwa kisizidi 0.1. Msomaji aliyebofya tangazo kwa sababu kitufe kimehama chini ya kidole chake hana faida kwa yeyote.

Nahitaji ukurasa wa faragha kwa kila tovuti?

Ndiyo, kila moja na wake, ukieleza kwamba wauza matangazo hutumia vidakuzi. Ukipata wasomaji wa Ulaya, tangu 16 Januari 2024 Google wanataka ombi la idhini lionyeshwe kupitia mfumo waliouthibitisha; kuna mmoja wa bure ndani ya AdSense yenyewe, na unaweza kuuwasha kwa tovuti zote mara moja.

Pesa hufika lini?

Salio likifika dola 10, hutumiwa PIN kwa posta kwenye anwani yako. Hakikisha anwani ni sahihi, maana usipoingiza PIN hiyo ndani ya miezi minne matangazo husimama kwenye tovuti zote. Kiwango cha kulipwa ni dola 100, na malipo ya mwezi uliopita hutolewa kati ya tarehe 21 na 26. Yasipofika dola 100, yanasubiri mwezi ujao.

Nijiunge na mitandao mingine?

Mitandao inayolipa vizuri zaidi hudai kiwango fulani cha wasomaji kabla ya kukupokea, na baadhi yake hupima kila tovuti peke yake. Hapa ndipo aliyegawanya nguvu zake anapoona hasara: ana wasomaji wa kutosha kwa jumla, lakini hakuna tovuti hata moja inayofikia mlango.

Ratiba yako ikoje?

Siku nne za wiki ni za tovuti moja tu, ile kubwa. Siku ya tano ni ya nyingine mbili kwa zamu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ni masasisho, nakala rudufu na lahajedwali. Ripoti ya mapato naifungua mara moja kwa wiki. Nilipokuwa nikiifungua kila saa nilikuwa siandiki.

Lini nifunge tovuti?

Ikiwa kwa miezi sita mapato yake kwa saa yako chini ya nusu ya tovuti yako bora, na takwimu za utafutaji hazipandi. Usiifute tu. Makala zake nzuri zinazoendana na tovuti inayobaki zihamishie huko, na weka uelekezaji wa kudumu wa 301 kutoka anwani ya zamani ya kila makala hadi mpya yake. Usizielekeze zote ukurasa wa mbele. Endelea kuilipia domeni ya zamani mwaka mmoja angalau, la sivyo uelekezaji utakufa nayo.

Na nikitaka kuiuza?

Unauza domeni, makala na mwonekano. Akaunti ya AdSense haiuzwi. Kabla ya kukabidhi, toa msimbo wako wa matangazo, futa mstari wako kwenye ads.txt, iondoe tovuti kwenye orodha ya akaunti, na badilisha manenosiri yote yaliyofanana na ya tovuti unazobaki nazo. Msimbo wako ukibaki humo, chochote mnunuzi atakachochapisha kesho kitahesabiwa kwenye akaunti yako.